Vyoo vya maktaba ni sehemu ya elimu

Mzazi anapomhimiza mwanawe kwenda maktaba, hufikiri juu ya vitabu, utulivu na meza ya kusomea. Ni nadra kufikiri juu ya choo. Lakini mtoto atakayeketi maktabani tangu saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni atahitaji kwenda haja mara mbili au tatu, na kama amekwisha kubaleghe, Adhuhuri itamkuta humo na Alasiri itamkaribia. Ikiwa mlango wa msalani umefungwa kwa kufuli, au uko wazi lakini ndani hamna maji, atafunga kitabu chake saa sita mchana na kurudi nyumbani. Hakuna daftari litakaloandika kwamba ameacha kusoma kwa sababu ya koki iliyokauka.

Juma hili tumeona yafaa kuzungumza na familia zetu juu ya jambo hili ambalo wengi huona haya kulitaja: ukarabati wa maliwato katika maktaba za umma, za shule na za misikiti. Maktaba nyingi za Afrika Mashariki zimo katika majengo ya umri mkubwa. Maktaba ya McMillan jijini Nairobi ilifunguliwa mwaka 1931. Maktaba Kuu ya Dar es Salaam ilifunguliwa mwaka 1967. Jengo lolote la umri wa namna hiyo, popote lilipo, huwa na mabomba yaliyowekwa kwa ajili ya wasomaji wachache wa zama zile, ilhali leo linapokea wanafunzi wa mji uliokua mara nyingi zaidi. Zamu ya kukarabati hufika, na inapofika, kamati huulizana swali lile lile: fedha hizi chache zinunue vitabu, au zitengeneze vyoo?

Jawabu letu ni kwamba swali lenyewe limewekwa vibaya. Kitabu kisichoweza kusomwa kwa zaidi ya saa mbili, kwa kuwa msomaji hana mahali pa kujisitiri, kimenunuliwa nusu tu.

Waliotutangulia walijenga vyote viwili

Katika mji wa Fez nchini Morocco upo msikiti wa al-Qarawiyyin, ambao wanahistoria wanausimulia kuwa uliasisiwa na bibi mmoja, Fatima al-Fihri, mwaka 859. Katika karne ya 14 Sultani Abu Inan wa ukoo wa Marini aliweka hapo maktaba. Sultani huyo huyo, kati ya mwaka 1350 na 1355, alijenga madrasa ijulikanayo hadi leo kwa jina la Bou Inania. Na ng'ambo ya njia, mkabala na lango la madrasa, akajenga nyumba ya udhu. Ndani yake mna vyoo, mna maji yenye kutiririka, na mna mahali pa kutawadhia. Mtu mmoja, katika mji mmoja, katika muda wa miaka michache, alijenga mahali pa kuwekea vitabu na mahali pa kujitwaharishia, wala hakuona kwamba cha pili kinamshusha hadhi.

Hatuna haja ya kwenda mbali hadi Maghribi. Katika magofu ya Gede, karibu na Malindi, ambayo uchimbaji wake uliendeshwa na James Kirkman tangu mwaka 1948, nyumba za mawe zina vyoo vya kuchuchumaa ndani, na pembeni mna mahali pa kunawia. Misikiti ya kale ya pwani yetu ina kisima, birika na mfereji. Na penye birika mara nyingi palitiwa mawe ya matumbawe ya kusugulia miguu kabla mtu hajaingia kuswali. Wazee hao walikuwa wakichota maji kwa kata na ndoo, na bado walipanga wapi maji yatoke na wapi maji machafu yaende.

Hata lugha yetu imeyaweka mambo haya jirani. Msala ni mkeka wa kuswalia, na msala ni choo. Pia tunalo neno maliwato, lenye adabu, ambalo mtu aweza kulitamka mbele ya mkwewe bila kuona haya. Jamii yenye maneno ya heshima kwa mahali hapo haina udhuru wa kupaacha pachafu.

Anayeumia kwanza

Choo kibovu hakiwaumizi wote kwa kipimo kimoja. Mvulana mwenye haraka huvuka barabara akatafuta hoteli au msikiti wa karibu. Msichana hawezi kufanya hivyo kila mara, na akiwa katika siku zake hawezi kabisa. Anahitaji mlango unaofungika kwa ndani, maji, sabuni, na pipa lenye kifuniko la kutupia taulo za kike. Kimojawapo kikikosekana, atabaki nyumbani siku tatu au nne za kila mwezi, na wakati wa mitihani siku hizo ni nyingi mno.

Yuko pia mama aliyekuja na mtoto mchanga ili mkubwa wake apate kusoma. Yuko babu ambaye magoti yamekataa kuchuchumaa. Yuko kijana wa kiti cha magurudumu, ambaye kwake tofauti ya sentimita kumi katika upana wa mlango ndiyo tofauti ya kuingia na kutoingia. Hawa wote ni wasomaji, na kodi au michango ya familia zao imo katika jengo lile.

Vipimo vya kuanzia vipo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009 kwa shule za nchi zenye kipato kidogo, lilipendekeza choo kimoja kwa kila wasichana 25, na kwa wavulana choo kimoja pamoja na mahali pa haja ndogo kwa kila wavulana 50. Tanzania, katika miongozo yake ya usafi mashuleni, iliweka tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Maktaba si shule, lakini kamati isiyojua pa kuanzia na ihesabu wasomaji wa siku yenye watu wengi zaidi, iwagawe wanawake na wanaume, kisha ilinganishe na hesabu hizo. Mara nyingi itagundua kwamba idadi ya vyoo vya wanawake ndiyo iliyo pungufu zaidi, kwa kuwa zamani jengo lilichorwa kwa kudhani kwamba msomaji ni mwanamume.

Kwa mlemavu, mafundi wenye ujuzi hushika vipimo hivi: mlango usiopungua sentimita 80 kwa upana, na 90 ni bora, nafasi ya ndani yenye kipenyo cha sentimita 150 ili kiti cha magurudumu kigeuke, kiti cha choo chenye kimo cha sentimita 45 hadi 48, na vyuma vya kushikilia vilivyokazwa kwenye ukuta imara. Mlango ufunguke kwa nje au uwe wa kusukuma pembeni, kwani mtu akianguka nyuma ya mlango unaofunguka kwa ndani, mwili wake huuzuia na msaada huchelewa.

Kazi huanzia chini ya sakafu

Ukarabati mwingi huharibika kwa sababu ulianzia machoni. Mkandarasi huondoa vigae vya zamani, hubandika vipya vinavyong'aa, hupaka rangi, huweka sinki mpya na kioo. Picha hupigwa, utepe hukatwa. Baada ya miezi sita harufu hurudi, kwa sababu bomba la maji taka lililopo chini ya vigae vile halikuguswa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaongeza kwamba anayepaka rangi juu ya ufa atajenga ukuta huo mara mbili.

Mpangilio ulio sawa ni huu. Kwanza chemba za nje zifunguliwe na kukaguliwa, ijulikane kama maji taka yanakwenda kasi au yamesimama. Kama jengo linatumia shimo, kiulizwe kimo chake na mara ya mwisho lilipovutwa. Pili, mabomba ya maji safi yapimwe. Mabomba ya chuma ya zamani hula kutu kwa ndani, tundu likawa dogo, hata koki ya ghorofa ya juu ikawa inalia upepo. Tatu, tangi la akiba: maktaba iliyo katika mji wenye mgawo wa maji na isiyo na tangi itakuwa na vyoo vizuri siku za mgawo tu. Nne, hewa. Dirisha dogo la juu pamoja na bomba la kutolea hewa lililopita paa hufanya kazi ambayo hakuna dawa ya manukato iwezayo kuifanya.

Baada ya hayo ndipo sakafu. Vigae vya maliwato viwe vya kukwaruza, visivyoteleza vikiloa, na sakafu iinamie kwenye tundu la maji kwa sentimita moja hadi mbili katika kila mita. Hapa ndipo mafundi wasio makini hukosea zaidi. Sakafu iliyolala sawasawa hutuamisha maji, na maji yaliyotuama hayamwachi Muislamu na amani, kwani hajui kama ni ya koki au ya najisi.

Harufu nayo ina sababu inayoeleweka. Chini ya kila sinki na kila tundu la sakafuni kuna kona ya bomba inayobaki na maji kidogo. Maji yale ndiyo mlango unaozuia hewa ya shimoni isipande. Tundu lisilotumika kwa majuma kadhaa hukauka, na mlango huo hufunguka. Mara nyingi harufu ambayo watu huilaumu kwa wasafishaji huondoka kwa kumimina ndoo moja ya maji katika tundu lililosahauliwa. Ikiwa haikuondoka, hapo itafutwe nyufa au bomba la hewa lililoziba.

Maji yanayopotea ni vitabu vinavyopotea

Koki inayodondosha tone moja kila sekunde hupoteza zaidi ya lita 20 kwa siku, yaani ndoo nzima. Tangi la choo la mtindo wa zamani hutumia lita 9 hadi 13 kila linapovutwa. La kisasa hutumia 6, na yale yenye vitufe viwili hutumia 3 kwa haja ndogo. Tuchukue mfano wa maktaba ambayo vyoo vyake huvutwa mara 150 kwa siku. Kwa tangi la lita 12, maji yatakayotumika ni lita 1,800. Kwa tangi la lita 6, ni 900. Tofauti hiyo, ikizidishwa kwa siku za kazi za mwaka mzima, ni ankara ambayo ingelipa vitabu. Anayetaka kujua kama tangi lake linavuja atie rangi ya chakula ndani yake, asilivute kwa robo saa, kisha atazame bakuli. Ikiwa rangi imeshuka, maji yanapotea usiku na mchana bila sauti.

Hatari kubwa zaidi kwa maktaba ni maji yanayopenya. Karatasi iliyoloa huanza kuota ukungu ndani ya siku mbili hivi, na katika hewa yetu ya pwani yenye unyevu haingoji sana. Kwa hiyo mchoro wa ukarabati uangaliwe kwa swali moja: chini ya choo hiki kuna nini? Ikiwa chini yake ni chumba cha vitabu adimu, basi choo kihamishwe au vitabu vihamishwe, kwani hakuna bomba lisilovuja milele.

Maktaba ya al-Qarawiyyin tuliyoitaja ilipata funzo hilo. Yenye takriban hati 4,000 za mkono, ilikuwa imedhoofishwa na unyevu kwa miaka mingi. Katika ukarabati uliosimamiwa na msanifu majengo Aziza Chaouni, mzaliwa wa Fez, na kukamilika mwaka 2016, kazi haikuwa ya nakshi na vigae peke yake. Iliwekwa mifereji mipya ya paa, na chini ya jengo ikawekwa njia za kuondolea unyevu. Hati za karne nyingi ziliokolewa na mifereji kabla hazijaokolewa na kabati.

Udhu katika jengo la watu wote

Hapa tunafika penye jambo linalohitaji busara. Maktaba ya umma ni ya Waislamu, Wakristo na wasio na dini. Je, tunayo haki ya kuomba mahali pa kuoshea miguu?

Mfano mmoja wa Marekani unafaa kuzingatiwa. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Michigan kilichopo Dearborn, mji wenye jamii kubwa ya Waarabu na Waislamu, kilitangaza kwamba kitaweka sehemu za kuoshea miguu katika maliwato mawili, kwa gharama ya takriban dola 25,000. Wanafunzi Waislamu walikuwa wakiosha miguu katika sinki za mikono. Maji yalimwagika, sakafu ikaloa, na wanafunzi wengine wakalalamika. Tangazo hilo lilizusha mabishano makali. Wapo waliosema kwamba fedha za umma hazipaswi kujenga kitu cha dini. Chuo kilijibu kwamba hilo ni suala la usafi na usalama, na kwamba mtu yeyote anaweza kupatumia. Tawi la Michigan la chama cha kutetea uhuru wa raia, ACLU, ambalo kwa kawaida husimama imara dhidi ya serikali kuingiza dini katika mambo yake, lililitazama suala hilo na halikulipinga.

Funzo tulipatalo ni la namna ya kuomba. Anayemwendea mkuu wa maktaba na kumwambia kwamba Waislamu wanataka chao, atapata mabishano. Anayemwendea na kumwonyesha sakafu iliyoloa, sinki iliyolegea ukutani kwa kupandiwa na miguu, na mzee aliyekaribia kuteleza, huyo amekuja na tatizo la jengo, na jawabu lake litamfaa hata mwanafunzi aliyekanyaga tope au mtoto aliyetoka kucheza mpira. Benchi la zege lenye kimo cha kiti, koki mbili za chini na mfereji uliofunikwa kwa chuma chenye matundu: gharama yake ni ndogo ikiwa vitafanywa wakati sakafu imekwisha kuvunjwa, na ni kubwa vitakapodaiwa baada ya vigae kubandikwa. Kwa hiyo wakati wa kusema ni sasa, mchoro ungali mezani.

Nasi tuwe wakweli kwa upande wetu. Mtume Muhammad (Rehema na amani zimshukie) amepokewa kwamba akitawadha kwa mudi moja ya maji, kiasi kisichofika lita. Koki yenye kutoa lita 6 kwa dakika, ikiachwa wazi kwa dakika moja na nusu ya udhu, hutoa lita 9. Watu 60 wakitawadha hivyo kabla ya Adhuhuri, lita 540 zimekwenda. Koki za kubonyeza, zinazojifunga zenyewe, husaidia. Lakini mkono wa mwenye kutawadha ndio koki ya kwanza.

Kwa wanawake, mahali pa udhu pasionekane kutoka ukumbini hata mlango ukiwa wazi, kwani binti hufunua mikono, kichwa na miguu. Ukuta mfupi wa kukinga macho mbele ya mlango unatosha. Ndani pawe na vitundikio vya mtandio na mkoba vilivyo juu ya usawa wa maji. Nje, karibu na meza ya mkutubi, pawe na rafu ya kuacha vitabu na msahafu, ili pasiwe na mtu wa kulazimika kuingia navyo chooni au kuviacha vikaibiwa.

Upande wa kibla

Wasomaji wetu wanajua kwamba yamepokewa makatazo ya mtu kuelekea kibla au kukipa mgongo wakati wa haja. Wanazuoni wametofautiana kuhusu vyoo vilivyo ndani ya majengo. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, inayofuatwa na wengi wa pwani yetu, kuna wepesi katika choo kilichojengwa kwa kazi hiyo, ingawa kujiepusha ni bora. Kwa hiyo haifai kuvunja choo kizima kilichopo na kuitia jamii gharama isiyoiweza kwa ajili hiyo tu. Lakini pale ambapo choo kinang'olewa na kupangwa upya, kukigeuza hakuongezi gharama kubwa. Kutoka Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa, Makka iko takriban kaskazini moja kwa moja. Vyoo vitazame mashariki au magharibi, na shaka imekwisha. Fundi aambiwe kabla hajachimba.

Fedha zitoke wapi?

Hapa tuna neno la kusema kwa jamii yetu. Wapo wanazuoni wa zama hizi waliofutu kwamba mtu aliyeingiziwa riba katika akaunti yake bila kuitaka aiondoe kwa kuitia katika maslahi ya umma, bila kutaraji thawabu za sadaka, na mfano ambao umetajwa mara nyingi mno ni ujenzi wa vyoo. Hatupingi fatwa za wenye elimu. Linalotusikitisha ni mazoea yaliyozaliwa humo: vyoo vimefanywa kuwa pipa la fedha chafu, na sadaka safi haifikiriwi kabisa kuelekezwa huko. Anayejenga minara hutajwa. Anayetengeneza shimo la maji taka hatajwi. Ilhali kuondoa lenye kuudhi njiani kumehesabiwa katika matawi ya imani, na maji ni katika sadaka zilizosifiwa zaidi.

Zaka ina mafungu yake manane yanayojulikana, na wanazuoni wengi hawaruhusu itumike katika ujenzi. Milango iliyobaki ni sadaka na wakfu, na wakfu ndio unaofaa zaidi kwa jambo hili. Sababu yake ni kwamba ukarabati ni gharama ya mara moja, lakini usafi ni gharama ya kila siku. Hati za wakfu za Misri katika zama za Mamluki hazikutaja jengo tu. Ziliweka pia ujira wa wafagiaji, wabeba maji na watunza taa. Watu wale walielewa kwamba jengo lisilo na mshahara wa mfagiaji lina umri mfupi. Chumba kimoja cha duka kilichowekwa wakfu, kodi yake ikalipa sabuni, dawa ya kusafishia, ankara ya maji na mtu wa kusafisha mara tatu kwa siku, kitaishi kuliko mchango mkubwa wa siku moja.

Kwa maktaba ya serikali, jamii haiwezi kujifanyia itakavyo, lakini yaweza kuandika barua, kuhudhuria vikao, na kuahidi kuchukua sehemu ya mzigo: tangi la maji, benchi la udhu, au pipa na taulo za kike kwa mwaka mmoja. Ombi linalokuja na ahadi husikilizwa upesi.

Baada ya utepe kukatwa

Kazi ifanywe kwa zamu, maliwato ya wanawake yakiwa ya kwanza, ili maktaba isifungwe. Kabla mkandarasi hajalipwa malipo ya mwisho, koki zote zifunguliwe kwa pamoja na vyoo vyote vivutwe, kisha watazamaji wangoje waone kama maji yanashuka. Ndoo ya maji imwagwe sakafuni ionekane inakoelekea. Na kamati iwe na funguo, orodha ya mabomba, na jina la fundi bomba wa karibu atakayeitwa siku ile ile koki inapovunjika, si mwezi unaofuata.

Kisha tunabaki sisi watumiaji. Mtoto afundishwe nyumbani kuvuta maji, kutotupa karatasi ngumu na taulo chooni, kukausha alipomwagia, na kumsalimu kwa heshima mama au baba anayesafisha. Kina baba wawafundishe wavulana, lisiwe somo la wasichana peke yao. Aliyelelewa kukiacha choo katika hali aliyotamani kukikuta amekwisha kuwasitiri Waislamu wenzake na majirani zake bila kutamka neno.

Tunaziomba familia zetu jambo moja kwa juma hili. Mtakapowapeleka watoto maktabani, ingieni na ninyi, mtazame maliwato kabla ya kutazama rafu. Mkiyaona mazuri, mwambieni mkutubi, kwani ni nadra asifiwe kwa hilo. Mkiyaona mabaya, andikeni ni lipi bovu, koki au bomba au mlango, mtie sahihi familia kadhaa, na mpeleke kwa anayehusika. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaopenda kujitwaharisha, na atufanyie wepesi katika kuwawekea watoto wetu nyumba za elimu ambamo wanaweza kukaa.